Mpanda miti Marekani ahesabu saa kabla ya miche

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya kazi za msituni nchini Marekani yanazunguka mitandaoni, na mengi yanavutia watu kwa malipo ya kila mche. Msomaji anaanza kuzidisha miche kwa senti. Hesabu hiyo ije baadaye. Ya kwanza ni ya saa.

Aina ya viza nayo huchanganywa. Kuangusha miti na kusomba magogo ni kazi ya H-2A, viza isiyo na ukomo wa idadi, na malazi hutolewa bure. Kupanda miche, kupunguza miti michanga na kufyeka vichaka ili moto usienee ni H-2B. Hizi ni 66,000 kwa mwaka wa fedha, nusu kuanzia Oktoba 1 na nusu kuanzia Aprili 1, ingawa miaka ya karibuni serikali imekuwa ikiongeza. Kwa H-2B sheria haimlazimishi mwajiri kutoa nyumba bure. Kama wakala anakuahidi nyumba, muulize imeandikwa wapi kwenye hati ya kazi, yaani karatasi rasmi yenye masharti ya kazi. Hati hiyo mwajiri huipeleka ofisi ya ajira ya jimbo siku 75 hadi 90 kabla ya kazi kuanza, na wewe una haki ya kupata nakala yake kabla hujamaliza kuomba viza.

Sasa miche. Majimbo ya kusini hupandwa misonobari wakati wa baridi, mara nyingi kwa nafasi ya futi 8 kwa 10, yaani kama miche 544 kwa ekari. Mizizi ya mche usio na udongo hukauka upesi ukiachwa kwenye upepo, na shimo likiwa fupi mzizi hujikunja kama ndoano. Mkaguzi hung'oa baadhi ya miche na kutazama. Mgeni wa kazi akiambiwa apande vizuri hupunguza mwendo, na hapo ndipo malipo ya mche yanapomwangusha.

Tuseme hati inataja dola 15 kwa saa na senti 5 kwa mche. Umefanya kazi saa 40, umepanda miche 10,000. Miche imekuletea dola 500, saa zinadai 600. Dola 100 zilizopungua ni deni la mwajiri. Hapaswi kukwambia "ungeongeza bidii". Kama kuna kiwango cha chini cha miche kwa siku, lazima kiwe kimetajwa kwenye hati.

Ujanja mkubwa uko kwenye saa zenyewe. Ukitakiwa kufika kwenye yadi ya mwajiri saa kumi na moja alfajiri kupakia miche na vifaa, saa zinaanza kuhesabiwa hapo, na safari ya kwenda shambani imo. Safari kati ya shamba na shamba mchana nayo imo. Andika kwenye daftari lako kila siku, kisha linganisha na karatasi ya mshahara, ambayo inapaswa kuonyesha saa, miche na kila makato.

Mvua au barafu ikisimamisha kazi, kuna dhamana ya robo tatu ya saa zilizoahidiwa. Kwa mkataba wa siku 120 au zaidi hupimwa kila wiki 12: hati ikiahidi saa 40 kwa wiki, jumla ni 480, na mwajiri anawajibika kwa saa 360 hata kama hazikupatikana.

Ada ya kuajiriwa hairuhusiwi, iwe kwa mwajiri au kwa wakala wake. Ada ya viza, dola 205, hurejeshwa ndani ya wiki ya kwanza ya kazi. Nauli ya kwenda hulipwa ukimaliza nusu ya mkataba, kama haikulipwa mapema; ya kurudi ukiumaliza au ukiachishwa kabla. Pasipoti hubaki mfukoni mwako.

Mwisho ni gari. Septemba 2002, huko Maine, gari la wafyekaji lilitumbukia mtoni kutoka darajani na wafanyakazi 14 wa Honduras na Guatemala wakafa. Sheria ya mwaka 1983 ya kulinda vibarua wahamaji inawahusu wa H-2B wa msituni pia: mkandarasi anayewakusanya lazima awe na cheti cha usajili, na cheti hicho huonyesha kama ameruhusiwa kusafirisha watu. Omba kukiona kabla ya kupanda gari siku ya kwanza.