K ya kwenye mfuko wa mbolea ni majivu

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa kilimo mlieleza vizuri kwamba N iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea ni naitrojeni na P ni fosforasi, lakini mlipofika kwenye K mlisema tu kuwa ni alama ya potasiamu, mkaishia hapo. Huku kwetu Rungwe wapo wanaowaambia wakulima kwamba K ni ya neno “kali”, kwa kuwa mbolea ikizidi huunguza majani. Maelezo hayo si sahihi, na naomba nafasi niyarekebishe, kwa sababu asili ya herufi hiyo inamhusu mkulima wa migomba kuliko anavyodhani.

K imetoka katika Kiarabu. Al-qali yalikuwa majivu ya mimea iotayo kwenye ardhi ya chumvi, ambayo watu walitengenezea sabuni na kioo, na neno lenyewe lina undugu na kitenzi chenye maana ya kukaanga. Wanakemia wa Ulaya walilichukua wakapata alkali, yaani kemikali iliyo kinyume cha tindikali, na baadaye kalium, jina la Kilatini ambalo herufi yake ya kwanza ndiyo hiyo K. Jina potasiamu nalo ni majivu vilevile. Waholanzi walisema potasch, yaani majivu ya chunguni, kwa kuwa majivu ya kuni yalilowekwa, maji yake yakachujwa, kisha yakachemshwa chunguni hadi ikabaki chumvi nyeupe. Mwaka 1807, jijini London, mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa, akapata metali ambayo hakuna aliyewahi kuiona, akaiita kwa jina la potashi hiyo. Sisi tunasema jivu, Waganda evvu na Wanyarwanda ivu. Kitu ni kilekile kinachozolewa mafigani kila asubuhi.

Mwanafunzi akifundishwa hivi hana haja ya kukariri, na mkulima anaelewa kwa nini wazee walimwaga majivu kwenye mashina ya migomba, zao linalohitaji potasiamu nyingi mno. Anayetaka ushahidi aloweke majivu makavu ya kuni usiku kucha, ayachuje kwa kitambaa, kisha asugue tone moja la maji yake kati ya vidole: yanateleza kama sabuni, na inafaa anawe papo hapo kwa sababu yanachubua ngozi. Utelezi huo ni dalili ya alkali. Nchini Ghana hutengeneza sabuni nyeusi kwa majivu ya maganda ya kakao, na nasikitika kila ninapoona maganda kama hayo yakiozea mashambani Kyela.

Hata hivyo, nisingependa mtu asome barua hii akaacha kununua mbolea. Naitrojeni hupotea na moshi, kwa hiyo majivu hayana N ya kutegemewa. Potasiamu yake huyeyuka upesi katika maji, na majivu yaliyorundikwa nje yakanyeshewa na mvua hizi za Tukuyu huwa yamekwisha nguvu kabla hayajafika shambani, yahifadhiwe pakavu. Yasichanganywe na samadi mbichi wala urea, kwani husababisha naitrojeni kutoka kama hewa yenye harufu kali. Yasiwekwe kwenye chai, ambayo hupenda udongo wenye tindikali, wala yasizidishwe kwenye viazi mviringo, maana udongo ukipungua tindikali ugonjwa wa upele wa ngozi ya viazi hupata nafasi.

Ninaomba ukurasa wenu urudie somo la N, P na K, safari hii K ielezwe kwa jina lake la majivu, na maafisa ugani wa Mbeya, Njombe na Iringa waombwe kulisoma mbele ya vikundi vya wakulima kabla ya msimu wa kupanda.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tukuyu, Mbeya