Risala kwa Mgeni Wetu wa Heshima Siku ya Kuzindua Albamu Yetu ya Kwanza

Mgeni wetu wa heshima, wazee wa mtaa, mama zetu, walimu na vijana wenzetu: asalaam aleikum, na wote hamjambo.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Kongowea. Sisi tuliosimama mbele yako ni vijana tisa kutoka makundi manne ya hip-hop: la Likoni, la Changamwe, la Majengo na la hapa. Kwa miaka mingi tulikuwa tukikutana jukwaani tu, kila kundi limekuja kulishinda jingine. Miezi kumi na minne iliyopita tuliamua kuwa kundi moja. Leo tuna albamu ya nyimbo kumi na mbili, na tunaomba kukueleza ilivyopatikana.

Hatukuwa wa kwanza. Kaka zetu wa kundi la Ukoo Flani walianzia Mombasa hii hii miaka ya 1990, wakaungana na kundi la Mau Mau la Dandora, Nairobi, na mwaka 2004 ikatoka albamu ya Kilio cha Haki. Ng'ambo nako, kundi tulilolichunguza sana ni Wu-Tang Clan wa New York. Wengi wao chimbuko lao ni Staten Island, kisiwa ambacho watu wake huvuka kwa feri kwenda Manhattan. Mwenzetu wa Likoni, ambako nako watu huvuka kwa feri, aliposikia hilo alitaka kujua habari zao zote. Nao walikuwa tisa. RZA na binamu yake GZA walikuwa wameshatoa kazi kupitia kampuni za muziki na hazikuwafikisha popote, basi mwaka 1992 kundi likajilipia wimbo wa kwanza. Kila aliyetaka kuimba alitoa dola 100. Albamu yao, Enter the Wu-Tang (36 Chambers), ikatoka Novemba 1993. Ilirekodiwa kwenye studio ndogo kwa fedha kidogo, na ilikuwa na sharti: mdundo ukipigwa watu washindane, mistari iliyo bora ndiyo iingie. Mwenzao Masta Killa anasikika katika wimbo mmoja tu.

Sharti hilo tulilichukua, na ndilo lililotuumiza zaidi ya ukosefu wa pesa.

Pesa tulichanga shilingi 2,000 kila mtu. Wawili hawakuwa nazo: mmoja alilipa kwa kushona mapazia mazito ya kuzuia kelele, mwingine, muuza viazi karai, alitulisha kila usiku wa kazi. Mama mmoja wa mtaa huu, yupo hapa leo, alitupa stoo ya nyuma ya nyumba yake. Tulipigilia magodoro makuukuu ukutani, tukaziba dirisha. Feni haikuweza kuwashwa kwa sababu maiki ilikuwa inadaka mvumo wake, na joto la Februari mnalijua wenyewe. Tulianza kazi baada ya isha, tukaacha malori yalipoanza kushusha mizigo sokoni. Usiku mmoja tokeni za umeme ziliisha katikati ya ubeti, kazi ya saa tatu ikapotea yote.

Tulitaka udi usikike ndani ya midundo yetu. Kukata kipande cha taarabu ya zamani kutoka intaneti ni kazi ya dakika mbili, lakini kile ni jasho la mzee wa watu, nasi hatukutaka kumfanyia tusilopenda kufanyiwa. Tukamwendea mpiga udi wa Mji wa Kale. Alisikiliza mdundo, akasema unakimbia mno, hauachi nafasi ya kupumua. Tukaupunguza mwendo. Mzee alikuwa na haki, na nyimbo tatu alizopiga ndizo tunazojivunia kuliko zote.

Kisha ikaja kuchagua. Mji huu hauogopi ushindani wa maneno. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu. Lakini kumshinda mtu wa Lamu ni rahisi kuliko kumwambia mwenzako mliyelala naye njaa kwamba ubeti wake hauingii. Tulisikiliza yote, sote tisa, tukapiga kura. Kijana wa Changamwe, ambaye ndiye aliyetuita tuungane, alikuwa na beti tano. Hakubakia na hata mmoja. Akaondoka bila kusema neno, na kwa wiki mbili hatukumwona. Tulikaribia kuifuta kura ile, na tunashukuru hatukuifuta, kwa sababu alirudi na ubeti mpya juu ya babake, dereva wa lori aliyekosa kazi makontena yalipohamishiwa reli mpya. Aliuchana mara moja tu. Hakuna aliyetaka aurudie.

Mgeni wetu wa heshima, ombi letu kubwa ni chumba. Katika ukumbi wa kijamii wa eneo hili kuna stoo iliyojaa viti vilivyovunjika. Viti tutavitengeneza wenyewe. Tupewe chumba hicho jioni mbili kwa wiki, kiwe studio ya vijana wote, wa kike na wa kiume, kwa maana ndani ya hii albamu hamna sauti ya msichana hata mmoja, na hilo ni pengo letu. Ombi la pili ni mwongozo wa kusajili haki za nyimbo hizi, na za mzee wetu wa udi, kabla hazijaanza kuchezwa.

Tunakukabidhi nakala ya kwanza. Kwa ruhusa yako tutaanza na wimbo wa nne, unaofunguliwa na ubeti wa dereva wa lori. Dereva mwenyewe amekaa safu ya pili, na hajausikia bado.