YAH: KULIPISHWA KWA MIEZI 7 ANWANI YA IP AMBAYO SIKUPEWA

Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Kihonda, Morogoro.
8 Julai 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ni mteja wenu wa faiba tangu Novemba 2024. Mwezi uliofuata niliongeza huduma ambayo kwenye ankara mnaiita "anwani ya IP ya umma, isiyobadilika", yaani namba ya kudumu ya kuifikia ruta yangu kutoka popote kwenye intaneti, shilingi 25,000 kila mwezi. Nimelipa miezi 7 na risiti zote ninazo. Huduma yenyewe sijaipata hata siku moja, na kila nikipiga simu naambiwa nizime ruta, nihesabu hadi 30, niwashe.

Duka liko Kihonda lakini mimi wiki nzima niko Dar es Salaam, na stoo ya nyuma ilikuwa inapungua mabati ambayo hayaonekani kwenye daftari la mauzo. Nikafunga kamera 4 na rekoda, nia yangu nikiwa Mbagala nifungue simu na kuiona stoo moja kwa moja. Mtu wenu wa mauzo ndiye aliyenishauri: chukua IP ya umma, utaifikia rekoda yako kutoka popote. Alinishauri vizuri. Tatizo lilianza nilipolipa.

Jumanne tarehe 17 Juni, baada ya simu nyingi, mlimtuma fundi. Aliketi juu ya ndoo ya rangi mbele ya kaunta, laptopu magotini, akafungua ukurasa wa ruta. Nilisimama nyuma yake. Panapoonyesha anwani ya upande wa intaneti paliandikwa 100.81.14.6. Nikachukua simu yangu, ikiwa kwenye Wi-Fi ileile, nikafungua ukurasa unaomwambia mtu anaonekana nje kwa anwani gani. Ikaja anwani nyingine kabisa, inayoanza na 102. Nikamwonyesha. Akasema, "Si zote ni mia na kitu, bosi?" Kisha akachomoa umeme wa ruta, akarudisha. Ilipowaka, ile 100.81.14.6 ilikuwa imekuwa 100.81.97.203. Anwani "isiyobadilika" ikabadilika tukiitazama wote wawili. Kwenye fomu ya kazi akaandika: "Tatizo la kamera." Kwa fomu hiyo nilinunua rekoda mpya kwa shilingi 310,000. Ya zamani bado nzima, iko chini ya kaunta inakula vumbi.

Naomba barua hii isomwe na mtu wa mitambo, siyo wa mapokezi pekee, kwa sababu namba zile 2 zinajieleza zenyewe. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa Aprili 2012, kwa waraka uitwao RFC 6598, zitumike ndani ya mitandao ya watoa huduma kama ninyi. Nje hazisafiri. Aliyepewa mojawapo anashiriki anwani moja ya umma na wateja wengine, na katikati kuna mtambo wenu unaotafsiri. Mafundi huuita CGNAT.

Nilisoma shule ya bweni, na wote tulitumia S.L.P. moja ya shule. Kutuma barua hakukuwa na shida. Majibu nayo yalitufikia, kwa kuwa karani aliandika kwenye daftari lake nani kamwandikia nani. Lakini barua iliyokuja yenyewe, ina S.L.P. ya shule tu na haina jina, ililala dirishani kwa karani hadi likizo. Mtambo wenu ndivyo unavyofanya kazi. Nikifungua tovuti nikiwa dukani, unaandika kwenye jedwali lake kwamba poti fulani, yaani mlango wenye namba, ni yangu, jibu likirudi unaniletea. Ila simu yangu ikibisha hodi kutoka Mbagala, pakiti, yaani kifurushi cha data, inafika kwenye ile 102, mtambo unatafuta kwenye jedwali, haukuti mstari unaoihusu, unaitupa. Poti ya rekoda nimeifungua kwenye ruta yangu vizuri, kuelekea 192.168.1.64, anwani ya rekoda ndani ya duka. Haisaidii kitu, maana pakiti haifiki kwenye ruta yangu.

Najua anwani ni haba. IPv4, aina ya anwani ninazozungumzia hapa, ina biti 32, yaani anwani 4,294,967,296 kwa dunia nzima. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa kanda 5 mwezi Februari 2011, na AFRINIC kule Mauritius, inayogawa kwa Afrika, inatoa kwa kubana sana tangu 2020. Mngeniambia Desemba kwamba hamna, tungeelewana na ningebaki na pesa yangu. Badala yake mliniuzia, na bado kila mwezi mnaniletea ankara. Huko kwetu sokoni ukiuza nondo ya milimita 12 ikapimwa ikaonekana ni 10, humwambii mteja akazime mizani awashe.

Dada aliyepokea simu yangu ya mwisho, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu, alinishauri nitumie programu ya kampuni ya kamera, inayopitisha picha kwenye seva yao nje ya nchi. Ninaitumia kwa sasa kwa kukosa njia. Picha inachelewa, na usiku mara nyingi inagoma kabisa. Tena hiyo ni bure, haihitaji mtu alipe 25,000. Niliuliza pia kuhusu IPv6, aina mpya ya anwani, ambayo ina biti 128 na haina uhaba huu. Nikaambiwa nisubiri. Tarehe sikutajiwa.

Ninachodai ni hiki: mnirudishie shilingi 175,000 za miezi 7, na 310,000 za rekoda niliyonunua kwa sababu ya maandishi ya fundi wenu. Halafu mnipe anwani ya umma isiyobadilika niliyolipia, ionekane kwenye ukurasa wa ruta yangu wenyewe, au mniandikie kwamba hamnayo na muifute kwenye ankara. Mabati yaliyopotea siwadai.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na picha za kurasa zote mbili na nakala ya fomu ya fundi, ambazo nimeziambatanisha hapa. Na fundi mwingine akija, tafadhali aje na mtu anayejua tofauti ya 100 na 102.

Wenu,
Mwenye duka, Kihonda