Hatua ya giza haifanyiki gizani

Morogoro,
Juni 14

Mwalimu Hamisi,

Habari za huko? Mpe mama shikamoo yangu, mwambie ule ubuyu ulifika salama na haukumaliza siku mbili.

Nimecheka na yule mwanafunzi wako wa kidato cha tano. Kama sehemu ile ya usanisinuru inayojenga sukari ni "hatua ya giza", eti kwa nini mmea usiifanye usiku kucha ukaamka na sukari tele? Ulimjibu kwamba usiku hakuna mwanga wa kuitengenezea ATP na NADPH, yaani nishati na elektroni za kujengea sukari. Ni sahihi, na kwenye mtihani atapata alama zake. Ila swali lake ni kubwa kuliko jibu hilo. Jina lilitokana tu na kwamba hatua zile hazinyonyi mwanga zenyewe. Hata ungeupa mmea ATP gizani, kazi isingekwenda, maana vimeng'enya vyenyewe, protini zinazoendesha hatua zile, vimefungwa.

Mimi nimelijua hilo kwa aibu. Mwezi jana nilichuma majani ya spinachi saa sita mchana, jua la utosi. Spinachi halisi, siyo hii ya sokoni ambayo ni ndugu wa bitiruti. Nikayatia kwenye bahasha nyeusi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikayasaga, nikapima kile kimeng'enya kinachong'oa fosfeti moja kwenye fruktozi-bisfosfeti, sukari yenye fosfeti mbili. Mstari kwenye kompyuta umelala tu. Nikarudia, vilevile. Mwisho nikadondoshea DTT, kemikali inayonuka kama yai viza, nikasubiri. Mstari ukaanza kupanda! Kumbe kimeng'enya kilikuwemo muda wote. Nilikifunga mwenyewe kwa ile bahasha.

Kufuli lenyewe ni atomi mbili za salfa zilizoshikana ndani ya protini. Mwanga ukipiga klorofili, elektroni zinasafiri hadi kwa feredoksini, protini inayozibeba. Shuleni tuliambiwa kutoka hapo zinakwenda kutengeneza NADPH, basi. Lakini chache zinachepuka, zinachukuliwa na thioredoksini, protini ndogo sana, ambayo inazifikisha kwenye kimeng'enya na kuziachanisha zile salfa. Umbo linabadilika, kazi inaanza. Giza likiingia elektroni zinakatika na salfa zinashikana tena. DTT yangu ilifanya kazi ya mwanga, ndiyo hivyo tu. Bob Buchanan na wenzake kule Berkeley, Marekani, walianza kuona jambo hili mwaka 1967 kwenye kloroplasti za spinachi, vile vyumba vya usanisinuru ndani ya seli, na sisi wa maabara tumeng'ang'ana na spinachi mpaka leo.

Katika vimeng'enya 11 vya mzunguko wa Calvin, yaani hiyo hatua ya giza, vinne hufunguliwa hivyo. Ninachokipenda zaidi ni kile cha upande wa pili, kinachoanza kuvunja sukari iitwayo glukozi-6-fosfeti: thioredoksini ikikigusa, kinazimika. Elektroni zilezile zinamwamsha mjenzi na kumlaza mbomoaji. Wote wawili wakiwa macho, mmea ungejenga sukari na kuibomoa papo hapo, ATP ikiteketea bure.

Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi, haina kufuli la salfa. Yenyewe inataka magnesiamu, na pH ya stroma, majimaji ya ndani ya kloroplasti, ipande kutoka karibu 7 hadi karibu 8, mambo ambayo mwanga unayaleta kwa kusukuma protoni ndani ya thilakoidi, vifuko vilivyomo humo. Maharage yameongeza ukorofi wao: usiku yanatengeneza kitu kinachofanana na sukari, kinakwenda kuiziba rubisko pale pale inapofanyia kazi. Kukipambazuka, protini nyingine inakuja kuking'oa.

Hayo maharage ndiyo shughuli yangu ya kesho. Saa kumi alfajiri niko bustanini na chupa ya nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi kali, nikate majani na kuyagandisha hapohapo kabla hayajaonja mwanga. Tochi naiacha nyumbani, nimeazima taa ndogo ya kijani hafifu. Na chai nitakunywa nikimaliza.

Wako,
Juma