Transaero haikuuawa na vikwazo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu usafiri wa anga nchini Urusi inadai shirika la ndege la Transaero liliuawa na vikwazo vya nchi za Magharibi. Napinga.

Shirika hilo binafsi lilirusha ndege yake ya kwanza Novemba 1991, Moscow hadi Tel Aviv, Umoja wa Kisovieti ukiwa umebakiza wiki chache tu. Alexander Pleshakov na mkewe Olga walilikuza hadi likawa la pili nchini baada ya Aeroflot, shirika la taifa, likipeleka watalii ufukweni kwa Boeing 747. Mwaka 2012 waliagiza hata Airbus A380 nne, ndege kubwa kuliko zote za abiria; hakuna iliyofika.

Ndege nyingi zilikuwa za kukodi, na kodi hulipwa kwa dola. Abiria alinunua tiketi kwa rubli. Mwaka 2014 ulianza dola moja ikiwa karibu rubli 33; kufikia Desemba imeshapita 60. Vikwazo vilichangia, sawa, na kushuka kwa bei ya mafuta ghafi pia. Lakini ni nani aliyewatuma kujibebesha malipo ya dola kiasi kile wakati mapato yao ni ya rubli? Mambo yalipokaza, tiketi za miezi ya mbele ziliuzwa bei poa ili zilipie safari za leo. Huko ni kula mbegu.

Septemba 2015 ukatangazwa mpango wa Aeroflot kuchukua asilimia 75 ya hisa kwa rubli 1. Rubli moja! Hata hiyo ilionekana ghali madeni yalipohesabiwa: takriban rubli bilioni 250, malipo ya kukodi ndege yakiwemo. Mpango ukafa, tiketi zikaacha kuuzwa, na Oktoba 26 cheti cha kurusha ndege kikafutwa. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakabaki roho juu.

Kuna jambo jingine mwandishi wenu amelipita kimya kimya. Tatiana Anodina, aliyeongoza kamati ya nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovieti inayochunguza ajali za ndege, ni mama mzazi wa Pleshakov. Sisemi alimbeba mwanawe. Nasema hilo lilistahili kuulizwa.

Na kama vikwazo ndivyo vilivyoua, mbona S7, shirika binafsi la nchi hiyo hiyo, lenye abiria wa rubli hiyo hiyo, liliendelea kuruka, hata mmiliki wake akajaribu kuinunua Transaero Oktoba ile ile?

Msomaji wenu,
Morogoro