Kwa mdogo wangu, kuhusu zile buti

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, lakini najua humu unapita. Basi nitasemea hapa, wenye kusikia na wasikie.

Wiki nzima nasoma habari za polisi wa kike wa London ya zamani, na kila nikifungua nakuona wewe. Vita vya 1914 vilipoanza, wakimbizi na mabinti wageni walikuwa wanashuka stesheni hawana mwenyeji, na wenye nia mbaya wanawasubiri. Margaret Damer Dawson na Nina Boyle wakakusanya wanawake wa kujitolea, wakavaa sare, wakapiga doria usiku. Kukamata mtu hawakuruhusiwa. Jeshi la polisi la jiji liliajiri wanawake 1919, vita vimeshakwisha, na mamlaka ya kukamata wakayapata 1923.

Mmoja wao ni Lilian Wyles. Akawa mpelelezi, kazi yake kuchukua maelezo ya wanawake na watoto waliodhalilishwa. Mabomu yalipoipiga London kuanzia Septemba 1940, usiku 57 mfululizo, yeye bado yuko kazini. Si ndiyo kazi yako hiyo? Yule mtoto aliyekataa kufungua mdomo mbele ya maafande wote, ukavua bereti, ukakaa naye chini kwenye mkeka mkasuka nywele za mwanasesere mpaka akalitaja jina mwenyewe. Ulinisimulia usiku ule huku unalia. Unadhani nimesahau?

Sasa sikiliza. Mwaka 1928 binti mmoja, Irene Savidge, alipelekwa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, kuhojiwa. Wyles alikuwa naye. Kabla maswali hayajaanza akaambiwa aende zake, binti akabaki na wanaume kwa masaa. Bunge zima likachachamaa. Nilipofika hapo nikafunga simu, nikatoka nje.

Maana mimi nilikutoa wewe chumbani bila hata kukuambia toka.

Siku ya washenga, buti zako zilikuwa barazani, umezipiga kiwi asubuhi, zinang'aa. Yule mzee akazinyooshea bakora, akauliza, "Na hizi?" Nikajibu mimi. "Anaacha, mwezi ujao." Wewe ulikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Nilisikia vikombe vinagongana, kisha vikanyamaza. Ukatoka, ukaandalia wageni, ukaziokota buti zako kwa mkono mmoja, ukarudi ndani. Hukunitazama.

Mbona hukusema? Ungesema neno moja tu, ningelimeza langu. Wewe uliyeweza kumhoji jambazi!

Hapana. Hilo nalifuta. Tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na mkubwa wako nilikuwa mimi.

Lakini na wewe nielewe. Baba alikuwa kitandani. Ada yako niliilipa mimi, nauli ya depo Moshi niliitafuta mimi, na kila ukiwa lindo usiku nilikuwa silali, nasubiri simu ya kuambiwa umepigwa risasi. Shemeji ni mtu mwema, hajawahi kukunyanyasa. Hata huko London, kanuni ya kumwachisha kazi askari wa kike akiolewa haikufutwa mpaka 1946. Nilidhani nakuokoa. Na ukirudi kazini sasa, watoto nani atawaangalia? Mimi nipo, ila magoti yangu unayajua.

Ona, naanza tena kukuamulia.

Nimesikia umekwenda kituoni kuuliza taratibu za kurudi. Sikuambiwa na wewe, nimeambiwa sokoni, na limeniuma. Ungeniambia ningekusindikiza, ningekaa nje kwenye benchi, nisiseme kitu.

Buti ninazo. Uliziacha uvunguni ulipohamia kwa mumeo, nikaziweka magazeti ndani zisikunjamane. Ya kushoto soli imeanza kuachia. Fundi wa pale msikitini anasema itashonwa, ila anataka kujua kwanza kama mguu wako bado ni ule ule.