Nimeambiwa nimeshapiga kura, nimepiga saa ngapi?

Mhariri naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Nasoma chuo kimoja hapa Tanga, jina silitaji maana cheti bado sijapata, ila uchaguzi wetu wa serikali ya wanafunzi umenikaa rohoni. Tuliambiwa safari hii kura ni kwa simu, unaingia kwenye mfumo kwa namba ya usajili na neno la siri ni namba hiyohiyo, sasa siri iko wapi hapo wakati namba za darasa zima zimebandikwa ubaoni kwenye matokeo ya testi? Saa nne asubuhi nimekaa zangu chini ya mwembe, bando nimejiunga kwa hela yangu, mfumo unaniambia umeshapiga kura. Shoga yangu wa Ngamiani naye hivyohivyo. Tukaenda kwa kamati, kaka mmoja anatafuna zake muhogo akatujibu dada zangu subirini mwakani.

Hata uchaguzi mkuu kura zinahesabiwa kituoni mawakala wakiwepo na matokeo yanabandikwa nje. Sisi tumetangaziwa mshindi kwenye grupu la WhatsApp usiku wa manane, idadi ya kura hamna.

Sisemi turudi kwenye makaratasi, foleni yake tunaijua. Ila neno la siri litumwe kwenye simu ya mwenyewe, na kamati itutolee orodha tuone majina yetu yaliingia saa ngapi.

Mwanafunzi,
Raskazone, Tanga